Kokotoa Mwenyewe Ongezeko la Watu wa Kata Yako: Vizazi, Vifo na Umri

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Miaka 10 kabla yake, walikuwa 44,928,923. Waliozidi hapo katikati ni milioni 16.8, kundi kubwa kuliko watu wote waliohesabiwa Tanzania mwaka 1967, ambao walikuwa milioni 12.3.

Ukiuliza kwa nini, kijiweni au hata kwenye kikao cha halmashauri, utajibiwa upesi: watu wanazaa sana. Jibu hilo halitoshi, na mipango mingi hukosewa kwa kulitegemea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alikuwa na wastani wa watoto zaidi ya 6; mwaka 2022 wastani ulikuwa 4.8. Kwa hiyo uzazi umekuwa ukishuka muda wote huo. Kilichoshuka kwa kasi kubwa zaidi ni vifo vya watoto. Utafiti wa kitaifa wa 1999 ulikuta watoto 147 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wakifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa 2022 ulikuta 43. Watoto waliopona wamekua, nao sasa ni wazazi.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kupima jambo hili kwenye eneo lako mwenyewe, uwe mtendaji, diwani, mwalimu wa Jiografia, mwandishi wa habari au mwanafunzi. Unahitaji daftari, kalamu na simu yenye kikokotoo. Kazi ngumu iko kwenye kukusanya. Hesabu yenyewe ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Hatua ya 1: Weka mipaka ya eneo na ya mwaka

Chagua kijiji, mtaa au kata moja, na mwaka mmoja kamili, Januari 1 hadi Desemba 31. Kisha weka kanuni moja na uifuate mpaka mwisho: unahesabu matukio ya watu wanaoishi hapo kwa kawaida, hata kama tukio limetokea kwingine. Kanuni hii itakuokoa mara nyingi huko mbele.

Hatua ya 2: Kusanya vizazi

Usitegemee chanzo kimoja. Anza na zahanati au kituo cha afya: omba jumla ya waliojifungua, na jumla ya watoto waliopewa chanjo ya kifua kikuu, ile inayochomwa begani mtoto akiwa mchanga. Daftari la chanjo husaidia kwa sababu hata mama aliyejifungulia nyumbani au njiani, mara nyingi humleta mtoto kliniki ndani ya wiki chache. Huhitaji majina. Omba jumla tu, kwa barua iliyopitishwa na mtendaji, na uheshimu mhudumu akikwambia daftari halitoki chumbani.

Pita pia kwenye rejista ya kijiji au ya mtaa, na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hawa wanawajua wajawazito wa kitongoji chao kwa sura. Usajili wa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), unaofanyika siku hizi kwenye vituo vya afya na ofisi za kata kwa watoto walio chini ya miaka 5, ni chanzo kizuri, ila angalia tarehe ya kuzaliwa na usifuate tarehe ya cheti. Mtoto wa miaka 3 aliyesajiliwa mwaka huu si kizazi cha mwaka huu. Kwa Zanzibar kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Hapa ndipo kanuni yako ya makazi inapoanza kufanya kazi. Wasichana wengi hurudi kwa mama zao kujifungua mtoto wa kwanza, wakakaa hapo mpaka arobaini, kisha wakarudi kwa waume zao. Mtoto huyo ni wa kata anayoishi mama yake siku zote. Vivyo hivyo, mwanamke wa kata yako aliyepewa rufaa akajifungulia hospitali ya wilaya, mtoto wake ni wako hata kama zahanati yako haina habari naye.

Ukishapata jumla, ijaribu. Kwa kawaida huzaliwa wavulana wapatao 103 hadi 105 kwa kila wasichana 100. Ukikuta wavulana 380 na wasichana 260, kuna wasichana ambao hawajaandikwa. Rudi ukawatafute.

Hatua ya 3: Kusanya vifo, na uwe na subira

Hatua hii ndiyo inayoharibu hesabu nyingi. Kizazi kina kliniki, kadi na chanjo. Kifo cha nyumbani mara nyingi kina kaburi tu.

Vifo vya watu wazima hupatikana bila shida kubwa. Msiba haufichiki: balozi anajua, kamati ya mazishi ina daftari la michango, msikiti na kanisa vinakumbuka. Tahadhari ni moja, nayo ni ya mikoa kama Kilimanjaro na Kagera, ambako mtu aliyeishi Dar es Salaam au Mwanza miaka 30 husafirishwa kuja kuzikwa kwao. Ukihesabu makaburi mapya utapata vifo vingi kuliko vya kata yako. Aliyefia mjini alikoishi ni kifo cha mjini.

Wanaopotea ni vichanga. Katika jamii nyingi, mtoto aliyeishi saa chache au siku mbili huzikwa siku hiyohiyo na akina mama wachache, bila matanga, na pengine bila jina. Hakuna aliyekwenda ofisini kuandikisha kuzaliwa kwake wala kufa kwake. Kwa hiyo anakosekana mara mbili, kwenye vizazi na kwenye vifo, na mama yake peke yake ndiye anayemkumbuka.

Namna ya kuuliza ina maana sana. Ukimwuliza mama, "Una watoto wangapi?" atakutajia walio hai. Wenye uzoefu wa tafiti za uzazi huuliza kwa mpangilio. Ukiwa umeketi, umeshasalimia vizuri, na umeshaeleza unachokifanya na kuomba ridhaa yake, uliza hivi:

"Mama, watoto uliowazaa ambao unaishi nao hapa ni wangapi?"

"Wapo uliowazaa wanaoishi kwingine?"

"Kuna mtoto uliyemzaa akiwa hai, halafu akafariki?"

Akijibu hapana, ongeza swali moja taratibu: "Hata yule aliyelia au kuonyesha dalili ya uhai, akaishi muda mfupi tu?"

Swali hilo la mwisho huwatoa watoto ambao hawamo kwenye karatasi yoyote. Mama akinyamaza, nyamaza naye. Mpe pole kabla ya kuandika, andika mwezi na mwaka, usidai maelezo ya ugonjwa. Kwa maoni yangu kazi hii afanye mwanamke, na mtu mzima. Usimtume kijana wa kiume mwenye haraka. Na kama mkwe au shemeji amekaa palepale anasikiliza, rudi siku nyingine.

Sasa jaribu hesabu yako. Kwa viwango vya kitaifa vya utafiti wa 2022, kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki ndani ya siku 28 za kwanza, na 43 kwa jumla kabla ya miaka 5. Maana yake zaidi ya nusu ya vifo vya watoto wadogo hutokea ndani ya mwezi wa kwanza. Kata yenye vizazi 640 kwa mwaka ingetarajia vifo vya vichanga wapatao 15. Kama daftari lako linaonyesha 2, usishangilie. Huenda wakunga wako ni hodari kweli, lakini yaelekea zaidi kwamba kuna watoto hawajaandikwa.

Hatua ya 4: Pata idadi ya watu wa katikati ya mwaka

Watu huongezeka na kupungua mwaka mzima, hivyo tunatumia idadi ya karibu na Julai 1 kama wastani. Chukua idadi ya kata yako kwenye matokeo ya sensa ya 2022, yaliyochapishwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mpaka ngazi ya kata, kisha isogeze mbele kwa kasi ya ongezeko ya mkoa wako.

Tuchukue kata ya mfano, ambayo nimeitunga kwa ajili ya hesabu. Tuseme sensa ilikuta watu 17,000 na mkoa unaongezeka kwa asilimia 2.7 kwa mwaka. Baada ya miaka 3: 17,000 × 1.027 × 1.027 × 1.027 = 18,414. Tutumie 18,400.

Hatua ya 5: Kokotoa viwango

Tuseme kata hiyo imepata vizazi 640 na vifo 110 ndani ya mwaka.

Kiwango cha vizazi: 640 ÷ 18,400 × 1,000 = 34.8 kwa kila watu 1,000.

Kiwango cha vifo: 110 ÷ 18,400 × 1,000 = 6.0 kwa kila watu 1,000.

Ongezeko asilia ni tofauti ya hivyo viwili: 34.8 − 6.0 = 28.8 kwa kila watu 1,000. Ukitaka asilimia, gawanya kwa 10: asilimia 2.88. Kwa lugha ya kawaida, kila mwaka kata inapata watu 530 zaidi ya inaowazika.

Angalia jambo moja ambalo watu hulipita haraka. Kiwango cha vizazi hakisemi lolote kuhusu ongezeko kikiwa peke yake, na cha vifo hali kadhalika. Vizazi 45 na vifo 40 ni watu wanaozaa sana na kuongezeka taratibu. Ndivyo jamii nyingi za binadamu zilivyoishi kwa karne na karne. Vizazi 35 na vifo 6 ni watu wanaozaa kiasi kidogo zaidi na kuongezeka kwa kasi kubwa. Anayeangalia vizazi tu ataona hali ya kwanza ndiyo yenye ongezeko kubwa, kumbe ni kinyume chake.

Kwa eneo dogo, mwaka mmoja hautoshi. Mlipuko mmoja wa kipindupindu au ajali moja ya basi hubadilisha namba za kijiji. Jumlisha miaka 3 kisha gawanya kwa 3.

Hatua ya 6: Tafuta miaka ya kuongezeka maradufu

Gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko. Kata yetu: 70 ÷ 2.88 = miaka 24 na kidogo. Mtoto anayezaliwa leo, akifika umri wa kuoa, atakuta kata ina watu mara mbili, kasi ikibaki hivyo.

Unaweza kuipima kanuni hii kwenye historia. Tanzania ilikuwa na watu milioni 23.1 mwaka 1988. Mwaka 2012 walikuwa milioni 44.9. Karibu maradufu, kwa miaka 24.

Kosa la kawaida ni kuchukua ongezeko la miaka 10 na kuligawanya kwa 10. Kati ya 2012 na 2022 watu waliongezeka kwa asilimia 37.4, na wapo wanaoandika kwamba ni asilimia 3.7 kwa mwaka. Si sahihi, kwa sababu walioongezeka mwaka wa kwanza nao huzaa, kama faida ya kikoba inayoachwa izae faida nyingine. Njia sahihi: 61,741,120 ÷ 44,928,923 = 1.3742. Laza simu yako ili kikokotoo kionyeshe alama za ziada, kisha pandisha 1.3742 kwenye kipeo cha 0.1. Utapata 1.032, yaani asilimia 3.2 kwa mwaka, kiwango kilekile kilichotangazwa na serikali.

Hatua ya 7: Tenganisha uhamiaji

Vizazi na vifo vinaeleza ongezeko la dunia nzima, maana hakuna anayehamia kutoka nje ya dunia. Kwa nchi vinaeleza sehemu kubwa. Kwa mkoa au kata vinaweza kukupoteza kabisa usipoangalia nani anahama.

Linganisha mikoa miwili iliyopakana. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 4.36 mwaka 2012 na milioni 5.38 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 2.1 kwa mwaka, chini ya wastani wa taifa. Pwani, katika muda huohuo, ilitoka takriban milioni 1.1 hadi milioni 2.02, asilimia 6 na kidogo kwa mwaka. Wanawake wa Pwani hawakuanza kuzaa mara tatu ya wenzao wa jijini. Watu wametoka Dar es Salaam kufuata viwanja vya bei nafuu na kodi ndogo. Mkoa wa Kilimanjaro uko upande wa pili: umekua kwa asilimia 1.3 tu, kwa sababu vijana wake wengi wanajenga maisha mikoa mingine.

Kanuni ya kushika: ongezeko asilia la binadamu ni nadra kuzidi asilimia 4 kwa mwaka, hata uzazi ukiwa juu sana. Ukiona eneo linakua kwa asilimia 5 au 6, acha kuwalaumu akina mama. Tafuta barabara mpya, kiwanda, mgodi au viwanja vilivyopimwa.

Hatua ya 8: Usisome kiwango cha vifo kabla ya kuuliza umri

Tanzania ina takriban vifo 6 kwa mwaka kwa kila watu 1,000. Japani ina karibu 13. Ukizisoma namba hizi bila kujua zaidi, utasema Mjapani yuko hatarini mara mbili ya Mtanzania.

Ukweli ni kinyume. Mjapani anatarajia kuishi takriban miaka 84. Chagua umri wowote, mtoto wa mwaka 1, mama wa miaka 30, mzee wa miaka 70: wa Japani ana nafasi kubwa zaidi ya kuuona mwaka unaofuata. Tofauti inatokana na umri wa watu wenyewe. Japani karibu watu 29 katika kila 100 wamefikisha miaka 65 au zaidi. Tanzania, zaidi ya watu 40 katika kila 100 hawajafika miaka 15. Nchi ya vijana ina vifo vichache kwa sababu wengi wake bado hawajaukaribia umri wa kufa kwa uzee.

Kwa hiyo ukiona kata yako ina vifo 6 tu kwa kila 1,000, usiandike kwenye ripoti kwamba huduma za afya zimeishinda Ulaya. Gawa watu kwa makundi ya umri ya miaka mitano mitano: 0 hadi 4, 5 hadi 9, na kuendelea. Gawa na vifo vivyo hivyo, halafu kokotoa kiwango cha kila kundi. Ukikosa nafasi ya kufanya makundi yote, fanya mawili tu: walio chini ya miaka 5, na wanawake wa miaka 15 hadi 49. Hayo mawili yatakuambia ukweli wa zahanati yako kuliko kiwango cha jumla.

Japani inaonyesha pia mwisho mwingine wa hesabu. Mwaka 2023 walizaliwa Wajapani wapatao 727,000 na wakafa zaidi ya milioni 1.57. Ongezeko asilia likawa hasi: watu zaidi ya 800,000 wamepungua kwa mwaka mmoja, na ni nchi yenye hospitali nzuri kuliko karibu zote duniani.

Tena usidhani vifo vikishashuka haviwezi kupanda. Kenya, mwaka 1993, ilikuwa na vifo 96 vya watoto chini ya miaka 5 kwa kila vizazi hai 1,000. Mwaka 2003 vilikuwa 115. UKIMWI ulikuwa unawaua wazazi na watoto, dawa za kufubaza virusi hazijawafikia watu, na klorokwini ilikuwa imeshindwa na malaria. Baadaye zikaja dawa hizo, vyandarua vyenye viuatilifu, dawa mseto na chanjo mpya, na kufikia 2022 vifo vilikuwa 41. Kushuka huko kumefanyiwa kazi, na kunaweza kupotea kazi hiyo ikiachwa.

Hatua ya 9: Angalia uzazi wa mwanamke mmoja, kisha hesabu wanawake

Wastani wa watoto kwa mwanamke ni namba tofauti na kiwango cha vizazi. Unaeleza mwanamke atakuwa na watoto wangapi maishani, akifuata uzazi wa wanawake wa sasa wa kila umri. Ukiwa karibu 2.1, kizazi kimoja kinazaa kingine cha ukubwa uleule: wawili wanachukua nafasi ya wazazi, na hiyo 0.1 inafidia wasichana wanaofariki kabla ya kuzaa pamoja na wavulana wanaozidi kidogo wakati wa kuzaliwa. Tanzania ya 2022 ilikuwa na 4.8, mjini 3.6 na vijijini 5.5.

Sasa Kenya, ambayo ni somo kubwa kwa Afrika Mashariki nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto 8.1, kati ya viwango vya juu kabisa duniani wakati ule. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Elimu ya wasichana, uzazi wa mpango uliofika hadi vijijini, na wazazi walioona watoto wao wanapona, vyote vilichangia. Hata hivyo, watu waliohesabiwa Kenya walikuwa milioni 15.3 mwaka 1979, na 2019 wakawa milioni 47.6. Uzazi umepungua kwa zaidi ya nusu na watu wameongezeka mara tatu. Wengi hukwama hapa, wakadhani namba zinadanganya.

Fanya hesabu hii kwenye daftari lako. Chukua akina mama 1,000, kila mmoja watoto 8. Jumla watoto 8,000, wasichana 4,000. Tuseme 3,000 wanafika umri wa kuzaa. Hawa, wakizaa watoto 3.4 tu kila mmoja, watapata watoto 10,200. Mabinti wamezaa chini ya nusu ya mama zao, na bado watoto wamezidi. Sasa boresha afya kidogo, wafike 3,600 badala ya 3,000: watoto 12,240.

Wataalamu huita hali hii msukumo wa idadi ya watu. Hukaa ndani ya umri wa watu, na hauzimiki kwa kampeni ya mwaka mmoja. China inaonyesha muda wake: uzazi wake ulishuka chini ya kiwango cha kujirithi, yaani ile 2.1, mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini idadi ya watu ilianza kupungua mwaka 2022, miaka kama 30 baadaye. Kwa Tanzania, akina mama wa miaka 15 ijayo wameshazaliwa. Wamo darasani sasa hivi. Wanaweza kuhesabiwa leo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema huduma za uzazi wa mpango hazijafanya kitu kwa sababu shule bado zimejaa. Wanaangalia jumla ya watoto, wakasahau jumla ya mama. Na sikubaliani pia na anayesema kuokoa watoto ndiko kunakojaza nchi. Wazazi waliokuwa wakizika watoto walizaa wengi ili wabaki wachache. Anayeamini watoto wake watapona ndiye anayethubutu kupanga.

Kwa kata yako: tafuta idadi ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 na ya wasichana wa miaka 0 hadi 14. Wasichana wakiwa wengi, vizazi vitaendelea kuongezeka hata kila familia ikiamua kuwa ndogo.

Hatua ya 10: Geuza namba ziwe madarasa na vitanda

Rudi kwenye vizazi 640 vya kata ya mfano. Kwa kiwango cha kitaifa cha vifo 43 kwa kila 1,000, watoto wapatao 612 watafika miaka 5. Muda mfupi baadaye wote watakuwa kwenye mlango wa darasa la kwanza. Kwa wanafunzi 45 kwa chumba, hiyo ni mikondo 14. Pita shule zote za msingi za kata, hesabu vyumba vya darasa la kwanza vilivyopo, andika pengo. Kama vipo 9, vinakosekana 5, na kata ina karibu miaka 6 ya kuvijenga.

Fanya hivyo kwa zahanati. Vizazi 640 kwa mwaka ni wastani wa 12 hadi 13 kwa wiki. Uliza kuna vitanda vingapi vya kujifungulia, wauguzi wangapi wa zamu ya usiku, na gari la wagonjwa linatoka wapi. Kwa wastani wa kitaifa wa 2022, vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kata ya ukubwa huu ingepoteza akina mama 2 kila miaka 3. Ukikuta kwenye daftari lako wamefariki 3 ndani ya mwaka mmoja, usisubiri wastani. Peleka taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya wiki hiyohiyo.

Mwisho, andika ukurasa mmoja tu kwa ajili ya Kamati ya Maendeleo ya Kata: vizazi, vifo, ongezeko asilia, wanaohamia na kuhama, watoto watakaoanza shule kila mwaka kwa miaka 6 ijayo, na vyumba vinavyokosekana. Upeleke kabla vijiji havijaanza kuibua vipaumbele vya bajeti, maana ukichelewa mpaka mapendekezo yameshafika halmashauri, namba zako zitasubiri mwaka mzima. Bandika nakala kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Daftari la msingi libaki kwa mtendaji, likiwa limefungiwa kabatini, kwa sababu yule mama uliyemuuliza habari za kichanga chake alikuambia wewe, hakuuambia mtaa.